Papa Hafumbi Macho

"Juu ya nini papa yako hafungake macho wakati ya kusali?"

Nilikuwa na miaka tisa, nimechuchumaa uani kwetu Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, nikisugua masufuria kwa mchanga. Aliyeniuliza alikuwa mama mmoja wa kikundi cha maombi kilichokutana nyumbani kwetu kila Jumatano. Nilimrudishia swali langu: "Na weye, mama, ulimuona namna gani?"

Alinipiga kofi la mgongoni, si la kuumiza, la kunifukuza tu, kisha akaenda kumwambia mama yangu kwamba mtoto wake ana mdomo. Nikaadhibiwa, na swali la mama yule likabaki palepale.

Hakuwa amesema uongo. Kanisani Papa, yaani baba yangu, alikaa mwisho wa benchi, mikono magotini. Wengine wote wakiinamisha vichwa, macho yake yalianza safari: kutoka kushoto polepole mpaka kulia, kisha kurudi, kama mtu anayepangusa meza ndefu kwa kitambaa. Mezani nako vilevile, hata kwa sala ya maneno matano juu ya bukari, ugali wetu, na mboga. Nilijua kwa sababu na mimi sikufumba. Lakini mimi nilikuwa mtundu, na Papa hakuwa na utundu hata kidogo.

"Papa yako anasali vile anajua," mama alisema nilipomuuliza.

Kwetu majibu yote yalikuwa ya namna hiyo. Kila kiangazi alikuja shangazi mmoja kutoka Kasenga, mwenye mguu mbaya, kuonyesha mguu huo hospitalini. Alilala kwenye kitanda cha wazazi wangu, na wao wakalala kwenye mkeka sebuleni. Papa alimchemshia maji ya kuoga kwa mikono yake, jambo ambalo hakumfanyia hata mama. Shangazi wa upande gani? Hakufanana na mtu yeyote wa ukoo wetu. "Shangazi ni shangazi," niliambiwa. Nilikua nikiamini kwamba watu wazima wamepatana kunificha kila kitu, na kusema kweli sikukosea sana.

Papa alikuwa piloti wa boti. Aliondoka Lubumbashi juu ya malori ya samaki, akafika Kasenga, na huko akashika usukani wa boti ya abiria na mizigo iliyoshuka mto Luapula mpaka ziwani Mweru na kurudi. Tulimwona wiki moja, tukamkosa wiki tatu. Alikuwa na hadithi za mto huo ambazo sikuziamini. Nilipoingia chuo kikuu kusoma sheria, nikajifunza kwamba kila dai linahitaji ushahidi, nilimwambia kwamba likizo ya mwisho wa mwaka wa pili nitakwenda kuona mwenyewe.

"Utaona," alisema. "Lakini nikiwa kwa usukani, usiniongeleshe."

Nilidhani anatania. Mwezi wa tisa, siku ya kwanza ndani ya boti, nilimsogelea kwenye kibanda cha usukani na chai ya maziwa, nikamsemesha. Hakugeuka. Chai ilipoa mkononi mwangu. Alipomaliza zamu ndipo alipoinywa ikiwa baridi, akanieleza, mara moja tu, jinsi kazi ilivyo.

Zamu ilikuwa ya watu watatu. Mmoja kwenye usukani, na wawili mbele kabisa, kila mmoja upande wake, wakiwa na upondo. Upondo ni mti mrefu uliopakwa rangi kwa vipande, nyekundu na nyeupe, na kazi yao ilikuwa kuuzamisha, kuutoa, kuuzamisha tena, ili kujua maji yamebaki kiasi gani chini ya boti. Kiganja wazi juu maana yake endelea. Ngumi maana yake punguza. Kugonga ubao wa boti mara mbili kwa upondo maana yake simama, hakuna mjadala. Mto ule hubadilisha mchanga wake kila masika. Fungu la mchanga lililokuwa kulia mwaka jana unaweza kulikuta katikati mwaka huu, na hakuna ramani itakayokuonya.

Nilipenda zaidi namna walivyopokezana. Piloti wa pili alipokuja, Papa hakumwachia usukani papo hapo. Walisimama pamoja kwanza mpaka macho ya yule yakazoea mwanga. Kisha Papa akasema alichokiona, na mwenzake akarudia kila neno:

"Mitumbwi mbili kushoto, karibu na matete."

"Mitumbwi mbili kushoto, karibu na matete."

"Boya za nyavu mbele, kulia."

"Boya za nyavu mbele, kulia."

Hapo tu ndipo alipotoa mikono. Anayeshika usukani aliitia simu yake kwenye mfuko na kuutundika mbali asikoweza kuufikia. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikisikiliza maprofesa wakieleza wajibu ni nini, na sikuwa nimeuona ukifanywa waziwazi namna ile.

Sasa nieleze ujinga wenyewe.

Kabla ya ziwa, mto unagawanyika penye kona moja ya matete. Mahali hapo maji ni machache, mchanga unahama, na mitumbwi ya wanawake wanaovusha mihogo hukatiza kutoka upande hadi upande. Boti zimewahi kukwama hapo, na watu wamewahi kufa hapo. Kwa hiyo watu wanapaogopa. Na kwa kuwa wanapaogopa, ndipo wanaposali. Injini inapunguzwa, nyimbo zinakatwa, mchungaji anasimama, na kila mtu anafumba macho. Na mabaharia je? Kwenye boti nyingi nao hufumba. Wapima kina hutoa upondo majini na kuulaza sitahani, kwa sababu kuchokoa maji wakati Mungu anasemeshwa ni utovu wa adabu, kama kubaki na kofia kanisani.

Soma tena polepole. Mahali pa hatari kuliko pote katika safari, watu watatu waliopewa kazi ya kutazama wanaacha kutazama, na wanaacha kwa sababu mahali hapo ni pa hatari.

Mwenye boti wa zamani hakujali mambo hayo. Akina mama walisali, Papa na watu wake waliendelea na kazi, na hakuna aliyelalamika. Kisha boti ikauzwa. Mwenye boti mpya alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwenye ofisi mjini, aliyeokoka karibuni na aliyekuwa na bidii ya waliookoka karibuni. Alimweka mchungaji wake katika kila safari. Akaagiza kwamba pale konani boti nzima isali, kuanzia makanika mpaka piloti. Papa alikuwa akikwepa agizo hilo kwa wiki kadhaa kabla sijafika.

Tulifika konani asubuhi, saa nne hivi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nyika inachomwa pande zote mbili za mto, na moshi ulikuwa umelala juu ya maji kiasi kwamba ukingo wa pili ulionekana kama doa tu. Injini ikapunguzwa. Mchungaji akasimama kati ya magunia ya unga na vikapu vya samaki wakavu, akiwa na shati jeupe na kipaza sauti cha betri ambacho hakikuhitajika.

"Tufunge macho bote," alisema. Kisha akageuka. "Na weye, papa piloti."

Papa aliendelea kutazama mbele.

"Papa piloti! Bote tunafunga macho."

"Nimesikia, mutumishi. Sali tu. Hata miye niko nasali."

"Na macho wazi?"

"Na macho wazi."

Mama mmoja muuza samaki, mnene, aliyekalia kikapu chake kama kiti cha enzi, alicheka. "Pasta, mwache! Akifunga, ni weye utatuonyesha njia?"

"Nyamaza, mama," mwingine alimkemea. "Unachezea Mungu juu ya mayi ya muto?"

Muuza samaki akafumba. Wote wakafumba. Mbele, wapima kina wawili wakalaza upondo na kuinamisha vichwa. Mchungaji akaanza kumshukuru Mungu kwa ulinzi wake, kwa sauti iliyopanda taratibu kama gari kwenye mlima.

Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa kibanda, macho wazi kama kawaida yangu. Nikaona kitu cheusi ndani ya moshi, chembamba, kinakatiza mbele yetu. Sikukitambua upesi. Papa alikuwa amekwisha kukitambua.

"Rudisha upondo mu mayi!" alipiga kelele, katikati ya jina la Bwana, na wakati huohuo akazungusha usukani kwa nguvu zake zote.

Boti ililala upande. Mchungaji alianguka kwa magoti, halafu kwa tumbo, juu ya vikapu vya samaki, na kipaza sauti kikapiga mluzi. Mtumbwi ulipita ubavuni mwetu karibu kiasi kwamba niliona maji yakitiririka kutoka kwenye kasia. Wanawake wawili walikuwa ndani, na mihogo imejaa mpaka ukingoni. Yule wa nyuma aliinua kasia akatupigia kelele: "Munalala?"

Kisha moshi ukawameza.

Abiria walipofumbua macho walimwona mtumishi wa Mungu juu ya samaki. Wengine walicheka wakashindwa kujizuia. Wengine walikasirika. Mtumbwi hakuna aliyeuona. Walipousikia ule ukelele walisema ni wavuvi wa pembeni.

Habari ilifika Lubumbashi kabla yetu. Ilisema kwamba piloti, mtu wa kiburi aliyejulikana kwa kutofumba macho, alikatiza sala kwa makusudi na kumwangusha mchungaji. Papa akaitwa ofisini. Wito wenyewe ulitaja lililokuwa mezani bila kuzungusha: ajirekebishe au aache usukani.

Niliandika utetezi wa kurasa mbili. Ulikuwa mzuri, hata leo nasema ulikuwa mzuri. Nilieleza zamu ni nini, jukumu la mwenye chombo ni nini, na kwamba amri ya kumfumba macho mtu anayeongoza boti ni amri ya kuua. Papa aliusoma kwenye mwanga wa dirisha, akaukunja, akautia mfukoni mwa koti la suti yake. Nikamfuata mjini, ingawa hakuniomba.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la simu. Mwenye boti alikuwa mtu mpole, na hilo liliniudhi zaidi. Ningependa awe jeuri. Mchungaji alikaa kando yake.

"Papa," mwenye boti alianza, "weye ni muntu wa mingi miaka mu ile kazi. Tunakuheshimu. Lakini juu ya nini ulimuangusha mutumishi?"

"Kulikuwa mutumbwi, patro," Papa alimjibu bosi wake.

"Mutumbwi gani? Tumeuliza bantu bote. Hakuna hata mumoja aliona mutumbwi."

Nilishindwa kuvumilia. "Bantu bote walikuwa wamefunga macho!"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Na huyu?"

"Ni binti yangu," Papa alisema. "Iko nasoma ku université."

"Miye niliuona," nilisema. "Bamama wawili, na mihogo. Mumoja alitupigia hata kelele."

Mchungaji aliinama mbele, taratibu, kama mtu aliyeona panya akiingia mtegoni mwenyewe. "Uliuona namna gani, binti? Ilikuwa wakati ya kusali."

Kwa mawazo nilirudi uani Ruashi, masufuria mikononi. Ni swali lile nililomuuliza yule mama, sasa limegeuzwa kichwa chini, na safari hii mwenye kuliuliza ndiye aliyekuwa na nguvu. Ili nishuhudie, ilinilazimu nikiri kwamba sikufumba. Na nikikiri sikufumba, mimi si muumini, na neno la asiye muumini dhidi ya mtumishi lina uzito gani? Boti nzima ilishuhudia kwamba hakukuwa na kitu, na sifa yao ya kuaminika ilikuwa kwamba hawakutazama.

"Nilifungua," nilisema.

"Sawa vile papa yako," mchungaji alisema, akaegemea kiti.

Nilisubiri Papa atoe kurasa zangu. Hakutoa. Alisema hivi: "Patro, tusali pale Kasenga, mbele ya kufungua kamba. Boti ikiwa imefungwa, nitafunga macho. Nitapiga hata magoti."

Lilikuwa pendekezo la busara kuliko yote niliyoyasikia katika jengo lile. Mwenye boti alimtazama mchungaji, na kwa sekunde moja nilidhani tumeshinda.

"Mungu hafungwake na kamba," mchungaji alisema. "Hatari iko kule. Sala iko kule."

Basi. Mwenye boti alikunjua mikono, mpole kama alivyoanza: usukani utashikwa na piloti wa pili, ambaye ni mtu wa sala. Papa akitaka kuurudia, aombe radhi mbele ya kanisa na ajifunze kufumba.

"Na upondo?" Papa aliuliza.

"Upondo gani?"

"Kushika upondo. Kule mbele."

Mwenye boti alicheka kwa mshangao. Ile ilikuwa kazi ya vijana wenye migongo mizima, kazi ya kulowa kutoka asubuhi. Papa alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi. "Kama unataka, papa. Nani atakukataza?"

Tuliposhuka barabarani nililia kwa hasira, mbele ya watu wanaonunua vocha za simu. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Kwamba wamemdhalilisha na yeye akawasaidia. Kwamba niliandika kurasa mbili na ameziacha mfukoni kama leso. Kwamba afadhali angekataa akarudi nyumbani akiwa piloti, kuliko kwenda kuchokoa matope chini ya piloti wa pili, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Alingoja nimalize. "Mama," aliniita hivyo aliponihurumia, "kule mbele nitawageuzia bantu mugongo. Hakuna mwenye kuniangalia macho."

Nilidhani ni aibu inayosema. Nilidhani anataka kujificha. Sikumsemesha mpaka alipopanda lori.

Miezi ilipita. Siku moja sokoni nilimkuta yule mama mnene muuza samaki. Alinishika mkono.

"Eh, mutoto ya piloti! Papa yako amekuwa muntu ya Mungu sasa."

"Namna gani?"

"Pale konani, siye bote tunafunga macho. Yeye, kama pasta anasali, tunasikia tu anagonga boti: ko, ko! Na piloti anasimamisha injini. Pasta anasema ni papa anaitikia amina." Alicheka mpaka kikapu kikatikisika, akanikodolea jicho moja. "Miye sijue. Miye nafungaka macho."

Alinifungia samaki wawili kwenye gazeti, na nikarudi Ruashi kwa miguu nikiwa na hasira mpya, sasa nikijikasirikia mimi mwenyewe. Papa hakuwa ameachia zamu. Aliipeleka mahali ambapo hawakuweza kumnyang'anya, kwa sababu ili wamnyang'anye ingewalazimu wafumbue macho. Aliiacha suti na heshima na usukani, na upondo wake ukabaki majini.

Hata hivyo hasira kwao haijaniisha. Watu wanaposema ilikuwa hekima yake, kwamba mambo yalimalizika vizuri, nawauliza: kwa nini mzee wa umri ule alowe na aumwe mgongo ili wenzake wapate kuomba ulinzi ambao yeye ndiye aliyekuwa akiutoa? Alishika upondo mpaka mgongo ulipokataa. Tangu aache kazi na kurudi nyumbani, sijui nani anatazama pale konani.

Swali la kwanza, la yule mama wa Jumatano, sikulijibu siku zote hizo. Nilijitengenezea jibu la kisomi, kwamba Papa alikuwa mtu wa akili aliyezaliwa akijua kazi na imani havipokezani zamu. Nilipenda jibu hilo. Lilinifanya nifanane naye.

Mwaka jana shangazi wa Kasenga aliletwa Lubumbashi, mguu wake umeharibika kabisa, na mimi ndiye niliyempeleka hospitalini. Nilijaza karatasi za kumlaza. Penye uhusiano wangu na mgonjwa niliandika: mtoto wa kaka yake. Alikuwa akinitazama kutoka kitandani, akaomba nimsomee. Nikamsomea.

"Futa," alisema.

"Juu ya nini, shangazi?"

"Miye si dada ya papa yako. Hatuna hata ukoo mumoja."

Akaniambia, bila uchungu, kama mtu anayesahihisha anwani. Mwaka mmoja kabla sijazaliwa alikuwa akivusha mihogo pale konani, peke yake ndani ya mtumbwi, na boti ikamjia juu na kumvunja mguu wakati abiria wake wote wanasali. Piloti alikuwa kijana, na ilikuwa safari yake ya kwanza akiachiwa usukani. Alikuwa amefumba macho.